Kutoka Pwani hadi Lenana: Ya kutayarisha kabla ya kupanda mlima na kiongozi

Kila Desemba inapokaribia, jamaa zangu wa Mombasa na Kilifi hunipigia simu hapa Eldoret na swali lile lile: "Tunataka kupanda mlima, tuanzie wapi?" Nimekaa huku bara miaka kumi na moja, nimepanda Elgon na Mlima Kenya mara kadhaa, na kila mara nilikuwa na kiongozi. Nimeona ni heri niyaandike majibu mahali pamoja, maana anayetoka usawa wa bahari ana mambo yake ambayo mtu wa Iten hana haja ya kuyafikiria.

Safari hizi si ngeni kwa watu wetu. Rebmann, mmisionari wa Rabai aliyeiona theluji ya Kilimanjaro Mei 1848, aliongozwa na Bwana Kheri, Mswahili aliyezijua njia za misafara. Watu wa pwani wamepanda bara tangu zamani. Kilichobadilika ni kasi: wao walikwenda kwa wiki nyingi, sisi twalala Mombasa leo na kesho kutwa tuko mita 3,000.

Mlima upi?

Kwa anayefikia Eldoret, ulio karibu ni Elgon. Unapanda matatu hadi Kitale, kisha unaelekea lango la Chorlim. Kilele cha upande wa Kenya ni Koitobos, mita 4,222. Kilele kirefu kuliko vyote mlimani humo, Wagagai, kiko Uganda na kina mita 4,321. Njiani kuna mapango ya Kitum na Makingeny, ambamo ndovu huingia usiku kulamba chumvi ya mawe. Elgon hauna watu wengi, na si mgumu kwa miguu. Ubaya wake ni kwamba gari laweza kukufikisha juu sana kwa saa chache, na mwili ukabaki nyuma.

Mlima Kenya una vilele vitatu vinavyotajwa sana. Batian (mita 5,199) na Nelion (mita 5,188) ni vya wakwea miamba wenye kamba. Mpandaji wa kawaida huenda Lenana, mita 4,985, ambako Kisoi Munyao alipandisha bendera ya Kenya tulipopata uhuru Desemba 1963. Njia kuu ni Sirimon, Naro Moru na Chogoria.

Kilimanjaro, mita 5,895, ni mrefu zaidi, gharama yake ni kubwa zaidi, na sheria ya Tanzania hairuhusu kupanda bila kiongozi. Ushauri wangu kwa anayeanza ni Elgon au Lenana kwanza.

Hewa ndiyo shughuli

Wengi hudhani kinachowashinda watu ni miguu. Miguu huchoka, lakini kinachowarudisha watu chini ni hewa. Eldoret iko kama mita 2,100, na mgeni kutoka Likoni huhema akipanda ngazi za hoteli. Juu ya Lenana, kila pumzi ina zaidi kidogo tu ya nusu ya oksijeni unayovuta ukiwa Mombasa. Mwili huweza kuzoea, lakini hauzoei kwa haraka, na nguvu za kijana haziusukumi. Nimewaona wacheza mpira wakilala chali huku mama wa miaka hamsini akipita polepole na fimbo yake.

Kanuni ya madaktari wa milimani ni hii: ukishapita mita 3,000, usiongeze zaidi ya mita 500 kwa siku katika mahali pa kulala, na baada ya kila siku tatu au nne, lala usiku mmoja zaidi hapo hapo. Sasa itazame njia ya Sirimon. Kambi ya kwanza, Old Moses, iko mita 3,300. Ya pili, Shipton's, iko mita 4,200. Hapo umeruka mita 900 kwa siku moja, na ndiyo maana usiku wa ziada Shipton's si anasa. Binamu yangu aliwahi kuuziwa ratiba ya siku mbili, kwenda na kurudi, kwa bei nafuu. Nilimwambia aulize usiku wa ziada uko wapi. Hakupewa jibu, akatafuta watu wengine. Bei inaposhuka sana, mara nyingi kilichokatwa ni siku.

Kulala Eldoret au Iten siku mbili tatu kabla ya kupanda husaidia kidogo. Hakukuzoeshi mita 4,000, kwa hiyo usikichukue kama leseni ya kukimbia.

Dalili ambazo hazifichwi

Kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, kizunguzungu, usingizi kukatika: huu ni ugonjwa wa kimo ukiwa bado mwepesi. Usipande zaidi siku hiyo. Pumzika, kunywa maji, na usipopata nafuu shuka.

Hatari kubwa ni mbili. Ya kwanza ni maji kujaa mapafuni: mtu ahema hata akiwa amekaa, akohoa, pengine atoa makohozi yenye povu la rangi ya waridi. Ya pili ni ubongo kuvimba: ayumba kama mlevi, achanganyikiwa, ajibu mambo yasiyoulizwa. Mwambie atembee mstari ulionyooka, kisigino mbele ya kidole. Akishindwa, ateremshwe saa ile ile, hata kama ni usiku wa manane. Hakuna kungoja asubuhi, na asiachwe ateremke peke yake. Vyote viwili huua kwa saa chache.

Ninalolihofia kuliko yote ni aibu. Mtu amechangiwa pesa na familia, ametangaza kwa marafiki, basi kichwa kinampasuka naye asema "niko sawa". Kubalianeni kabla ya kuondoka: anayesema anaumwa hachekwi, na kiongozi akisema shuka, hakuna mjadala. Kilele hakihami.

Kabla ya safari, mwone daktari

Hili nalisisitiza kwa watu wa pwani hasa. Ugonjwa wa selimundu, ambao wengi huuita siko seli, umeenea zaidi Kenya katika pwani yetu na kandokando ya Ziwa Victoria. Mwenye ugonjwa wenyewe asipande milima mirefu. Mwenye kubeba chembe moja tu ya urithi huenda anaishi bila dalili yoyote, lakini katika hewa nyepesi wengine wamepata maumivu makali ya wengu. Kipimo cha damu kitakwambia uko upande gani. Kama hujawahi kupimwa, pima kabla ya kulipa amana.

Wenye presha, pumu, kisukari, matatizo ya moyo, na wajawazito pia wapate ushauri kwanza. Muulize daktari kuhusu Diamox, dawa inayousaidia mwili kuzoea kimo. Ina masharti yake: wenye mzio wa dawa za salfa wamweleze mapema, na wengine huhisi ganzi vidoleni na kwenda haja ndogo mara nyingi. Usiombe kidonge cha mwenzako mkiwa kambini.

Kwa wanaofunga, panga safari nje ya Ramadhani. Juu kule mwili huhitaji lita tatu hadi nne za maji kwa siku.

Mazoezi bila mlima

Anza wiki nane hadi kumi na mbili kabla. Mombasa haina milima, lakini ina ngazi za maghorofa na mchanga wa ufuoni. Tembea saa moja mara tatu au nne kwa wiki ukiwa na mkoba mgongoni. Anza na kilo tano, ongeza taratibu. Mwisho wa juma nenda Taita. Kilele cha Vuria kina takriban mita 2,200, karibu sawa na Eldoret. Ukifika huku kwetu, ukingo wa Elgeyo hapo Iten hushuka zaidi ya mita 1,000 hadi bonde la Kerio. Kushuka nako kufanyie mazoezi, kwa kuwa magoti huumia wakati wa kurudi.

Viatu vizoee mguu kabla. Buti jipya siku ya kwanza ya safari ni malengelenge.

Mavazi na mzigo

Joto hupungua kama nyuzi sita kwa kila mita 1,000. Siku ya nyuzi 30 Mombasa ni karibu sifuri Lenana, na alfajiri ni barafu. Pamba tuliyoizoea haifai karibu na ngozi: hushika jasho, na jasho likipoa linakutetemesha. Vaa nguo za sufu au za nailoni kwa tabaka, sweta juu yake, kisha koti la kuzuia mvua na upepo. Ongeza boshori, glavu, soksi nzito jozi tatu, miwani ya jua, tochi ya kichwani na betri za akiba, na mfuko wa kulalia wa baridi kali. Vingi hupatikana mitumba, Kongowea na hapa Eldoret pia. Leso ichukue, hufaa shingoni, na hufaa kufungia kifundo kilichoteguka.

Maswali ya kumwuliza kiongozi

Muulize ana kitambulisho cha kazi kinachotambuliwa na mbuga. Amepanda njia hiyo mara ngapi? Mtu akiugua, nani atateremka naye, na nani atabaki na kundi? Mtandao ukikatika atawasiliana vipi? Ada za KWS hulipwa kwa eCitizen, basi dai risiti yenye jina lako.

Uliza pia wapagazi wanalipwa kiasi gani, na kama wana makoti na mahali pa kulala. Mwenye kampuni asiyejua jibu la hilo hatajua la kwako ukiugua.

Wakati

Lenana ni Januari na Februari, au Agosti na Septemba. Elgon ni Desemba hadi mapema Machi, kwa kuwa huku magharibi Agosti ni mvua tupu. Oktoba ndiyo ya kupima damu na kuanza ngazi, kama nia yako ni Januari.