Apple dhidi ya wanablogu: barua pepe ni ya nani?

Novemba 2004 tovuti mbili za mashabiki wa Apple, PowerPage na AppleInsider, zilianika siri: kampuni ilikuwa inatengeneza kifaa cha kurekodi muziki, jina la ndani Asteroid. Mwezi uliofuata Apple ikaenda mahakamani California ikitaka kujua nani kaipenyeza.

Sisi waandika programu tutazame hapa. Apple ilimruka Jason O'Grady, mwenye PowerPage, ikaidai kampuni iliyohifadhi barua pepe zake. Mwandishi wa gazeti hufungia daftari lake drooni. Barua zangu na zako zimelala kwenye seva ya mtu mwingine!

Machi 2005 jaji aliiunga mkono Apple. Mei 2006 mahakama ya rufani ikaupindua uamuzi: sheria ya jimbo inayolinda vyanzo vya habari inawahusu hata wanaochapisha mtandaoni. Majaji walikataa kupima uandishi upi ni halali. Naona walipatia.

Wakaongeza kwamba sheria ya shirikisho inaikataza kampuni ya barua pepe kutoa barua hizo kwa kesi ya madai. Bila hilo la pili, O'Grady angenyamaza na Apple ingesoma yote kwa jirani.