Mpira wa Unguja Unachezwa kwa Mfuko wa Nani?

MATEMWE, Unguja. Timu ya daraja la chini katika kijiji kama Matemwe haina mhasibu, na hesabu zake kila mtu anazo kichwani. Jezi zimetoka hotelini, ndiyo maana jina la hoteli limekaa kifuani. Mipira imeletwa na mgombea wakati wa kampeni. Nauli ya kwenda Mkokotoni au mjini wachezaji huchangishana, na aliyepata samaki wiki hiyo humlipia mwenziwe aliyekosa. Kiingilio hakuna, kwa sababu hakuna ukuta wa kumzuia mtu. Mazoezi hufanyika pwani maji yakitoka, na yakianza kujaa mpira umekwisha, apulize refa asipulize.

Mtu wa mjini anaweza kuiona hali hiyo akasema ni umaskini wa shamba. Lakini ukiifuatilia historia ya fedha za mpira wa kisiwa hiki utaona kwamba klabu kubwa za Mjini Magharibi nazo zimeishi vivyo hivyo, tofauti ikiwa ukubwa wa mfuko. Kwa karibu miaka mia moja mpira wa Unguja umeendeshwa kwa fedha isiyotokana na mpira. Wenye mfuko ndio waliokuwa wakibadilika.

Sabuni, mitaa na ada

Mpira uliingia Unguja mwishoni mwa karne ya 19, na miongoni mwa waliouanza ni vijana wa skuli ya wamisionari wa UMCA, Kiungani. Kutoka huko ukahamia viwanja vya Mnazi Mmoja, mpakani mwa Mji Mkongwe na Ng'ambo, kisha ukagawika kimitaa. Majina ya klabu yanaeleza yenyewe: Malindi, iliyoanzishwa 1942, Kikwajuni, Miembeni, Vikokotoni. Klabu ilikuwa ya mtaa, na mtaa ndio uliolipa, kwa ada ya wanachama na michango ya wazee wenye uwezo. Mchezaji alikuwa wa ridhaa, akicheza jioni baada ya kutoka kazini.

Fedha ya biashara nayo haikuchelewa. Mwaka 1926 Kenya na Uganda zilianza kushindania kombe lililotolewa na kampuni ya sabuni ya William Gossage. Tanganyika iliingia 1945, na Zanzibar ikafuata mwishoni mwa miaka hiyo ya 1940. Kombe la Gossage ndilo mzazi wa Kombe la Chalenji la CECAFA, ambalo Zanzibar ililitwaa 1995 nchini Uganda. Kwa hiyo anayelalamika leo kwamba majina ya benki na kampuni za kubashiri yamejaa kwenye mpira wetu akumbuke kwamba mashindano makubwa ya kwanza ya Afrika Mashariki yaliitwa kwa jina la muuza sabuni.

Kikosi na mfanyabiashara

Baada ya Mapinduzi ya 1964 wenye mali binafsi walipungua, na serikali ikawa ndiyo tajiri pekee. Vikosi vikaunda timu. Mwaka 1984 KMKM, timu ya Kikosi Maalumu cha Kuzuia Magendo, ilitwaa ubingwa wa Muungano mbele ya timu za Bara.

Mwaka huohuo Zanzibar ilikuwa na Rais mpya, Ali Hassan Mwinyi, na milango ya biashara ikaanza kufunguliwa. Bidhaa zikaingia, maduka yakajaa, wafanyabiashara wakarudi kuwa na la kusema mjini, na wengine wakaupenda mpira. Malindi, klabu ya mtaa ulio ubavuni mwa bandari, ikapata wafadhili. Ikawa bingwa wa Muungano 1989, ikarudia 1992, na katikati ya miaka ya 1990 ikawa inatajwa katika mashindano ya Afrika. Ndani ya miaka mitano ubingwa ulikuwa umetoka kwa wakamata magendo na kuhamia kwenye mtaa wa wafanyabiashara. Anayetaka kuujua uchumi wa Zanzibar wa miaka ya 1980 anaweza kuanzia kwenye orodha hiyo ya mabingwa.

Ila ufadhili una kasoro moja kubwa: mfadhili ni binadamu. Huchoka, hufilisika, hugombana na wanachama, au hupata shughuli nyingine. Malindi ilipokosa mkono ule haikurudi tena kwenye kilele kile. Miembeni ilikuwa bingwa wa Zanzibar 2007 na 2008, Zanzibar Ocean View ikawa bingwa 2010, na Super Falcon 2012. Leo majina hayo husikika zaidi katika mazungumzo ya barazani kuliko katika mbio za ubingwa.

Bara nako ni hayohayo kwa tarakimu kubwa zaidi. Simba ilipofika fainali ya Kombe la CAF 1993, mfadhili wake Azim Dewji aliwaahidi wachezaji magari wakitwaa kombe. Stella Abidjan ikashinda 2-0 Dar es Salaam na ahadi ikaishia hapo. Yanga ya Yusuf Manji ilikusanya ubingwa, lakini alipojiuzulu uenyekiti Mei 2017 klabu yenye mamilioni ya mashabiki ilifikia kupitisha bakuli ili kulipa mishahara, na kocha Mwinyi Zahera akawa mstari wa mbele katika kuchangisha. Baadaye ikaja kampuni ya GSM, na kuanzia msimu wa 2021/22 mataji yakaanza kurudi Jangwani, yaliko makao ya Yanga.

Serikali ya Muungano iliona hatari hiyo, ndipo ikaweka kanuni kwamba klabu ya wanachama ikigeuka kampuni, wanachama wabaki na asilimia 51 na mwekezaji asizidi 49. Ndiyo hesabu iliyotumika kwa Simba, ambayo wanachama wake walimkubali Mohammed Dewji Desemba 2017 kwa ahadi ya shilingi bilioni 20. Kanuni hiyo inasema nani anaimiliki klabu. Kuhusu klabu kutumia kuliko inavyoingiza, iko kimya.

Usajili unaolipwa kwa ajira

Unguja haikupata bilioni 20. Ilichopata ni kurudi kwa vikosi. Tangu msimu wa 2012/13 hadi 2024/25 ubingwa wa Ligi Kuu ya Zanzibar umezunguka kwa timu za vikosi: KMKM, Mafunzo, Zimamoto na JKU. Klabu pekee ya uraiani iliyopenya katika kipindi chote hicho ni Mlandege, 2020 na 2025. Mlandege hiyohiyo ilitwaa Kombe la Mapinduzi mara mbili mfululizo, na Januari 2024 iliifunga Simba 1-0 katika fainali kwenye Uwanja wa Amaan uliokuwa umetoka kukarabatiwa.

Kwa nini vikosi vinatawala? Tazama kinachotokea kijana mwenye kipaji anapotoka Matemwe na daladala ya 118 kwenda kujaribiwa mjini. Klabu ya uraiani itampa fedha kidogo ya usajili na ahadi ya posho. Kikosi kitampa ajira: mshahara wa serikali kila mwezi, likizo, kiinua mgongo uzeeni. Wazazi wake wanaotegemea bahari na mwani hawana haja ya kukaa kikao juu ya hilo. Akivunjika goti akiwa klabu ya mtaani amekwisha. Akivunjika akiwa JKU bado ni mtumishi.

Kwa hiyo ada ya uhamisho ya Unguja ipo, ila haionekani katika hesabu za klabu yoyote. Imo ndani ya bajeti ya mishahara ya serikali. Klabu ya mtaa haiwezi kushindana nayo hata ikipata mdhamini, kwa sababu mdhamini wa mwaka mmoja hawezi kumwahidi mtu pensheni. Klabu ya kikosi nayo haina sababu ya kutafuta faida, kuuza jezi au kujaza uwanja, maana mchezaji wake atalipwa hata kama jukwaani wamekaa watu ishirini.

Milioni 112

Udhaifu wa mpango huo huonekana mchezaji anapovuka bahari. Feisal Salum, Fei Toto, alilelewa kisoka Unguja na kuchezea JKU kabla ya kutua Yanga 2018. Desemba 2022 alitikisa nchi: aliweka shilingi milioni 112 katika akaunti ya Yanga na kutangaza kwamba amevunja mkataba. Milioni 100 zilikuwa za usajili, na milioni 12 ni mshahara wa miezi mitatu. TFF, shirikisho la soka la Tanzania, ikaamua kwamba bado ni mchezaji wa Yanga, mvutano ukafika hadi Rais Samia Suluhu Hassan kuwasihi viongozi wa klabu wayamalize, na Juni 2023 Azam ikamnunua.

Katika miezi sita ya kelele hizo walihesabiwa Yanga, Azam, mchezaji na mawakili. Waliomfundisha kupiga mpira hawakuwa kwenye mazungumzo. Ibrahim Bacca naye alitoka KMKM kwenda Yanga 2022, akawa beki tegemeo wa klabu na Taifa Stars. Unguja inalea, Dar inavuna.

Sababu mojawapo ni ya kisheria. Zanzibar si mwanachama wa FIFA. Machi 2017 CAF iliipokea kuwa mwanachama wake wa 55, na Julai mwaka huohuo ikaufuta uamuzi huo kwa hoja kwamba Zanzibar si dola. Klabu zake hucheza mashindano ya Afrika, lakini ruzuku za FIFA za maendeleo haziji moja kwa moja, na mchezaji anayetoka Amaan kwenda Jangwani hahesabiwi kuwa amehama nchi. Mfumo wa kimataifa wa fidia kwa waliomlea haumgusi.

Pengo linapanuka. Mei 2021 TFF ilisaini na Azam TV mkataba wa miaka 10 wa shilingi bilioni 225.6 kwa ajili ya Ligi Kuu Bara, wastani wa zaidi ya bilioni 22 kwa mwaka. Oktoba 2025 KMKM na Azam FC zilikutana katika Kombe la Shirikisho Afrika, na Azam ikapita kwa jumla ya mabao 9-0. Azam ni mali ya kampuni za Said Salim Bakhresa, mzaliwa wa Zanzibar. Mtaji wa Mzanzibari uliokulia Dar uliifunga timu ya serikali ya Zanzibar mabao tisa.

Sheria ya Ulaya na hesabu ya ngalawa

Mashabiki wa Unguja wanaofuatilia Ligi Kuu ya Uingereza wanaijua habari ya uungwana wa kifedha. UEFA ilipitisha kanuni hizo 2010 ili klabu zisitumie zaidi ya zinavyoingiza. Mwaka 2017 PSG ikamnunua Neymar kwa euro milioni 222, watu wakauliza sheria iko wapi. Februari 2020 Manchester City ikafungiwa miaka miwili, Julai mahakama ya michezo ikaondoa adhabu na kubakisha faini. Ligi Kuu ya Uingereza nayo, kwa kanuni zake yenyewe, ikaikata Everton pointi 10 Novemba 2023, zikapunguzwa hadi 6 kwa rufaa. Siku hizi UEFA inataka mishahara, usajili na malipo ya mawakala yasizidi asilimia 70 ya mapato.

Mvuvi wa Matemwe hahitaji kuelezwa kanuni hiyo mara mbili. Chombo kikirudi hutolewa kwanza gharama za safari, kisha fungu la chombo, fungu la nyavu na mafungu ya mabaharia. Hakuna anayegawa samaki ambao hawajavuliwa.

Lakini kuichukua kanuni ya Ulaya na kuitua Unguja kama ilivyo kungeziua klabu za uraiani kwanza. Asilimia 70 ya mapato yasiyokuwepo ni sifuri. Vikosi vingesalimika, kwa kuwa mishahara yao haimo katika vitabu vya klabu. Sheria iliyotungwa kumzuia tajiri ingemkaba maskini na kumwacha mwenye serikali.

Unguja ina tatizo jingine: thamani inayotengenezwa hapa hailipwi hapa. Na kwa hilo FIFA imeshaweka mfano. Mchezaji anapouzwa nchi nyingine kabla ya mkataba wake kwisha, asilimia 5 ya bei hugawiwa klabu zote zilizomlea tangu umri wa miaka 12 hadi 23. Kila mwaka kati ya 12 na 15 una robo ya asilimia, na kila mwaka kuanzia 16 hadi 23 una nusu ya asilimia.

TFF na ZFF, shirikisho la Zanzibar, zinaweza kukubaliana kutumia hesabu hiyohiyo kwa mauzo kati ya visiwa na Bara bila kusubiri uanachama wa FIFA. Chukua mfano wa mchezaji aliyeuzwa shilingi milioni 500. Timu ya kijiji iliyokaa naye miaka minne ya mwanzo ingestahili asilimia moja, yaani milioni 5. Kwa timu ya Matemwe hizo ni jezi, mipira na nauli za misimu kadhaa, na ingekuwa fedha ya kwanza kuingia mfukoni mwake iliyotokana na mpira wenyewe. Sharti ni moja, nalo ni rahisi kuliko uwanja wa nyasi: jina la kijana liandikwe kwenye daftari la usajili tangu akiwa na miaka 12, pamoja na jina la timu iliyomchezesha. Bila daftari hilo hata milioni 5 hizo zitakosa wa kuzidai.