Nyayo za Laetoli

Sisi watu wa pwani twajua kwamba unyayo hauna umri: mja hukanyaga mchanga asubuhi, maji yakijaa hapana alama tena. Lakini huko Laetoli, Tanzania Bara, kusini mwa Bonde la Olduvai, zimo nyayo zilizodumu miaka ipatayo milioni 3.66.

Volkano ilimwaga majivu laini, mvua ya manyunyu ikayalowesha. Wakapita juu yake kanga, twiga na tembo, na pamoja nao viumbe waendao kwa miguu miwili. Majivu yakakauka yakashikamana kama saruji, kisha majivu mengine yakayafunika. Hata matone ya mvua yaliacha vishimo vyake.

Nyayo za wanyama zilionekana mwaka 1976, wakati wa utafiti wa Mary Leakey. Mwaka 1978 ukagunduliwa msafara wa watembea wima, wa mita kama 27. Kidole gumba kimelala sambamba na vingine, kama chetu. Zana za mawe kongwe zijulikanazo ni za miaka milioni 3.3, na bongo za zama hizo zilikuwa ndogo. Basi jamii yetu ilisimama wima kabla ya kupanuka akili.

Mfupa ni habari ya aliyekufa. Unyayo ni habari ya aliye safarini. Katika msafara ule, mmoja alikanyaga ndani ya nyayo za mwenziwe aliyetangulia. Hilo hapana mfupa ungeweza kutusimulia.