Viatu vya Mbio: Kutoka Nyayo Tupu Hadi Soli Nene

  Wewe unayesoma ukurasa huu baada ya kipindi, soma polepole, na ukifika penye neno gumu, rudia.

Leo tunazungumza habari za viatu. Tazama miguu yako. Labda umevaa raba, labda katambuga zilizokatwa katika mpira wa gari, labda huna kitu. Sasa fikiri: mtu anayekimbia marathoni, yaani kilomita 42 na mita 195, avae nini? Watu wamelijibu swali hili kwa njia nyingi, na majibu mengine ni ya ajabu.

Huko Uingereza, katika mji wa Bolton, alikuwako fundi viatu jina lake Joseph William Foster. Katika miaka ya 1890 alianza kushona viatu vyepesi vya ngozi vyenye misumari chini. Misumari ile iliuma ardhi, mkimbiaji asiteleze. Baadaye, katika mji mdogo wa Herzogenaurach nchini Ujerumani, ndugu wawili, Adolf na Rudolf Dassler, walifanya kazi ya namna hiyo hiyo. Mwaka 1936, katika Michezo ya Olimpiki ya Berlin, Mmarekani mweusi Jesse Owens alivaa viatu vyao, akashinda nishani nne za dhahabu. Alishinda mbele ya serikali ya Hitler, iliyohubiri kwamba watu weusi ni duni. Baada ya vita ndugu hao waligombana, wakaachana mwaka 1948. Adolf akaanzisha Adidas, Rudolf akaanzisha Puma, kila mmoja upande wake wa mto. Mji mmoja, mto mmoja, viwanda viwili!

Lakini viatu vya misumari ni vya uwanjani. Barabara ndefu ni jambo lingine.

Twende Roma, mwaka 1960, tarehe 10 Septemba, jioni. Askari mmoja wa kikosi cha ulinzi wa Mfalme Haile Selassie wa Ethiopia, Abebe Bikila, anasimama penye mstari wa kuanzia. Hana viatu. Viatu vipya alivyojaribu vilimbana, naye alikwisha zoea kufanya mazoezi peku. Basi akaamua kuviacha. Wengi waliokuwapo hawakumjua hata kwa jina.

Jua likazama. Askari wa Kitaliano walishika mienge kando ya njia. Bikila alikimbia pamoja na Rhadi Ben Abdesselam wa Moroko, bega kwa bega, juu ya mawe ya barabara ya kale ya Warumi. Karibu na mwisho wa njia palikuwa na mnara mrefu wa jiwe. Mnara huo ulikuwa wa Axum, mji wa Ethiopia. Waitalia waliuchukua walipoivamia nchi ile, wakausimamisha Roma mwaka 1937. Hapo hapo, karibu na mnara wa nchi yake, Bikila aliongeza mwendo, akamwacha mwenzake. Alimaliza kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16, muda ambao hakuna mtu aliyekuwa ameufikia katika marathoni. Mwafrika mweusi wa kusini ya Sahara hakuwahi kupata dhahabu ya Olimpiki kabla yake. Na mnara ule? Ulirudishwa Ethiopia mwaka 2005.

Basi, je, viatu ni bure? Ngoja kwanza. Mwaka 1961 Bikila alikwenda Japani. Huko Kihachiro Onitsuka, mtengenezaji viatu wa mji wa Kobe, alimshawishi avae viatu vyake. Onitsuka alikuwa amechunguza sana jambo moja: malengelenge. Aliona kwamba mguu ukipata joto ndani ya kiatu, ngozi huvimba na kuchubuka. Kwa hiyo alitoboa matundu ili hewa ipite. Jambo dogo, lakini kila aliyetembea safari ndefu na viatu vibaya anajua thamani yake. Mwaka 1964, mjini Tokyo, Bikila alikimbia akiwa na viatu vya Puma na soksi nyeupe. Wiki chache tu kabla yake alikuwa amepasuliwa tumbo. Alishinda tena, akimtangulia wa pili kwa zaidi ya dakika nne. Huyo alishinda peku, akashinda na viatu!

Sasa chukua kalamu, tufanye hesabu. Mkimbiaji akipiga hatua 1,000 katika kilomita moja, na kiatu chake kikapunguzwa uzito wa gramu 30, amepunguziwa mzigo gani? Zidisha 1,000 kwa 30. Utapata gramu 30,000, yaani kilo 30, kama gunia dogo la mahindi, katika kilomita moja tu.

Hesabu ya namna hiyo ilimsumbua Bill Bowerman, mwalimu wa riadha katika Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani. Alitaka soli nyepesi inayoshika ardhi bila misumari. Mkewe Barbara alikuwa na chombo cha chuma cha kuokea mikate myembamba yenye vishimo vya mraba. Siku moja mwaka 1971 Bowerman alikitazama, akaona soli. Akamimina humo mpira wa maji maji. Alisahau kupaka kitu cha kuzuia usigande, chombo kikashikamana, kikaharibika kabisa. (Mama mwenye jiko hakuulizwa, nadhani.) Hata hivyo aliendelea kujaribu, na mwaka 1974 viatu vyenye soli ya vishimo viliuzwa na kampuni aliyoianzisha pamoja na Phil Knight, yaani Nike. Kwa maoni yangu hivi ndivyo bora kuliko vyote, kwa sababu vilimfaa mtu wa kawaida anayekimbia asubuhi kabla ya kazi.

Mwaka 2017 vilitokea viatu vya namna nyingine, Vaporfly. Soli yake ni nene, ya povu jepesi linalorudisha nguvu ya mguu, na katikati mna kibamba kigumu cha kaboni. Wataalamu waliwapima wakimbiaji, wakaona viatu hivyo vinapunguza nguvu inayotumika kwa karibu asilimia 4. Tarehe 12 Oktoba 2019, mjini Vienna, Eliud Kipchoge wa Kenya, akivaa viatu vya jamii hiyo, alikimbia marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Haikuhesabiwa kuwa rekodi, kwa kuwa wenzake walipokezana kumkinga upepo. Lakini mabishano yalizuka: ameshinda mtu au kimeshinda kiatu? Mwaka 2020 Shirika la Riadha la Dunia likaweka sheria: soli ya viatu vya barabarani isizidi unene wa milimita 40, na kibamba kiwe kimoja tu.

Kwa somo lijalo, andika katika daftari lako maneno haya: soli, malengelenge, mwenge, kibamba. Kisha andika sentensi tano juu ya swali hili: kama ungekuwa Bikila jioni ile mjini Roma, na viatu vinakubana, ungefanya nini?