Diodi, paneli za jua na joto la Ghuba

Paneli ya jua iliyo juu ya paa la nyumba Maskati ni diodi nyingi zilizotandazwa ili zipate mwanga. Diodi ni kipande cha nusukipitishi, mara nyingi silikoni, kinachoruhusu umeme upite upande mmoja tu.

Upande mmoja wa silikoni hutiwa fosforasi kidogo, ukapata elektroni za ziada. Wa pili hutiwa boroni, ukabaki na matundu, yaani nafasi zilizokosa elektroni. Tundu nalo huhama. Fikiria safu ya sala: mtu akisogea kuziba mwanya, mwanya unahamia pale alipotoka.

Pande mbili zinapokutana, elektroni huvuka na kuziba matundu. Mpakani hubaki ukanda mwembamba usio na elektroni wala matundu huru, wenye nguvu ya umeme inayowazuia wengine wasivuke. Ukiunganisha chanya ya betri na upande wa boroni, kizuizi hushuka, na katika silikoni mkondo hupita vizuri kwenye volti 0.6 au 0.7. Ukigeuza betri, kizuizi hupanda na kinachopita ni kidogo mno.

Mwaka 1940 Russell Ohl, wa maabara ya Bell huko Marekani, alimulika taa kipande cha silikoni chenye ufa, kikatoa umeme. Kumbe ndani yake mlikuwa na mpaka wa namna hiyo. Mwanga hung'oa elektroni na kuacha tundu; nguvu ya mpakani huvuta elektroni huku na tundu kule, na huo ndio umeme wa jua, hata wa kituo cha Ibri 2 chenye megawati 500.

Sasa joto, ambalo wauzaji hawalitaji sana. Silikoni ikipata moto, elektroni na matundu mengi zaidi huvuka mpaka upande usiotakiwa na kupotea kwa kuzibana. Volti ya kila seli hushuka kwa kama milivolti 2 kwa kila digrii. Wati zilizoandikwa nyuma ya paneli zimepimwa seli ikiwa na digrii 25. Paneli inayopoteza asilimia 0.4 kwa digrii, ikifika digrii 65 mchana wa Julai, imepoteza asilimia 16, hata kabla ya kuhesabu vumbi.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, uliza kiwango hicho cha upotevu kwa digrii; kimo katika karatasi ya vipimo. Na fundi asiilaze paneli ikagusa paa. Aache nafasi upepo upite chini yake.