Ngoma 5 za BEGIN: Wasee wa Okinawa na Lugha Iliyokatazwa Darasani

Kama ulisomea primary ya hapa Kenya, pengine unaijua disk. Unavishwa kipande cha mbao shingoni juu umeongea lugha ya mama uwanjani, na hakitoki hadi umnase mwingine akiteleza. Jioni, kila mtu aliyekipitisha anakula viboko. Sasa cheki hii: Okinawa, visiwa vya kusini kabisa mwa Japani, watoto walivishwa kitu hicho hicho. Walikiita hogen fuda, yaani kibao cha lugha ya kienyeji. Kukivua, lazima umshike mwenzako.

Weka hiyo story kwa kichwa, juu bila hiyo utaskiza BEGIN na udhani ni wazee watatu tu wanaimba polepole kando ya bahari.

Wasee wenyewe ni Higa Eisho kwa sauti, Shimabukuro Masaru kwa gita na Uechi Hitoshi kwa kinanda. Wote ni wa kisiwa cha Ishigaki, ambacho kiko karibu na Taiwan kuliko Naha, mji mkuu wa Okinawa. Ni mabeste wa tangu utotoni. Walizaliwa 1968, wakati Okinawa bado iko chini ya Marekani, pesa ni dola, na ukitaka kwenda Tokyo unahitaji hati ya kusafiria. Japani ilirudishiwa visiwa hivyo tarehe 15 Mei 1972.

Bendi iliundwa Tokyo 1988. Mwaka uliofuata wakaingia Ikaten, kipindi cha TV cha usiku wa manane ambapo bendi zisizojulikana zilikuwa zinapimana nguvu mbele ya majaji, na mshindi anarudi wiki ijayo kutetea taji. BEGIN walilitetea hadi wakapewa cheo cha juu kabisa cha kipindi.

Ndio maana ngoma ya kwanza kuskiza ni "Koishikute" ya 1990, ile waliyoanza nayo. Ni bluzi ya mapenzi, taratibu, na sauti ya Higa ina mkwaruzo fulani wa mtu aliyekesha. Ni kali, lakini hakuna kisiwa ndani yake. Ungeambiwa ni ya bendi yoyote ya Tokyo ungekubali. Skiza mara moja, uelewe walikotoka, halafu uruke miaka kumi.

Juu ilichukua miaka kumi. Mwaka wa 2000 walitoa albamu nzima ya shima uta, yaani nyimbo za kisiwa, wakaipa jina la kama mtu: Omoto Takeo. Ni mchezo wa maneno. Omoto ndio mlima mrefu zaidi Ishigaki na mkoa wote wa Okinawa, ingawa una mita kama 526 tu. Humo ndani kuna "Nada Sousou".

Manze, hii ngoma. Ilianza hivi: mwimbaji maarufu Moriyama Ryoko aliwaomba BEGIN wamtungie kitu chenye ladha ya Okinawa. Wakamtumia muziki bila maneno, lakini kwa kanda walikuwa wameandika jina: Nada Sousou. Akauliza maana yake. Akaambiwa ni machozi yanayotiririka. Hapo hapo akamkumbuka kaka yake aliyefariki akiwa bado kijana, na akaandika maneno yote juu yake. Ni mtu anafungua picha za zamani na kumwambia asante msee ambaye hayuko tena. Karibu maneno yote ni Kijapani cha kawaida. Jina ndilo la nyumbani, na ndilo lililoleta ngoma yote.

Moriyama aliitoa 1998, BEGIN wakaitoa 2000. Halafu Natsukawa Rimi, naye pia mtoto wa Ishigaki, akawaona BEGIN wakiiimba kwa TV wakati wa mkutano wa G8 uliofanyika Okinawa mwaka huo. Akaomba airekodi. Yake ilitoka 2001 na ndiyo iliyosambaa Japani nzima, hadi 2006 ikatengenezewa filamu. Wengi watakuambia ya Natsukawa ndiyo bora, na sauti yake ni safi kama maji. Mimi bado naenda na ya BEGIN. Higa anaiimba kama mtu anayejaribu kutolia, na inachoma zaidi hivyo.

Ukishamaliza kujipangusa, nenda "Shimanchu nu Takara" ya 2002. Hapa ndipo ile disk inarudi. Jina linamaanisha hazina ya watu wa kisiwa, na cheki hiyo "nu" ndogo: kwa Kijapani cha Tokyo ingekuwa "no". Ilitoka miaka 30 kamili baada ya visiwa kurudishiwa Japani. Kutunga maneno, BEGIN walitumia maandishi ya wanafunzi wa shule moja ya Ishigaki kuhusu kisiwa chao.

Ngoma nyingi za kusifu nyumbani zinajigamba. Hii inakiri. Anayeimba anajiuliza anakijua kiasi gani kisiwa alichozaliwa, na jibu si zuri: hata maneno ya nyimbo za wazee hayaelewi. Kama umewahi kwenda ushago, shosho akakusalimia, ukamjibu kwa Kiswahili huku umeangalia chini, unaijua hiyo aibu. Lakini ngoma haiachii hapo. Inasema kuna vitu vya kisiwa anavyovijua kuliko mtu yeyote, hata kama havikuandikwa kwa kitabu chochote. Na aibu yenyewe si ya bure: 2009 UNESCO iliorodhesha lugha sita za visiwa hivyo kuwa hatarini, na ile ya Yaeyama, upande wa Ishigaki, ikawekwa kwa kundi la hatari kubwa.

Ya nne ni "Sanshin no Hana". Sanshin ni kile chombo cha nyuzi tatu chenye ngozi ya nyoka utakachokiskia kwa ngoma zao nyingi. Hapa ni sanshin aliyoiacha babu, imesahaulika kwa nyumba, hadi mjukuu anaishika na kuanza kukaza nyuzi. Ujue Okinawa ilipigwa vibaya sana 1945, na baada ya vita watu waliokuwa kambini walitengeneza sanshin kwa mikebe mitupu ya chakula. Hawakuwa na kitu, lakini walitaka kuimba. Ukijua hilo, babu wa kwa ngoma anakuwa mzito zaidi.

Sitaki ulie siku nzima, kwa hivyo ya tano ni "Ojii Jiman no Orion Beer". Orion ni bia ya Okinawa na jina la ngoma linasema ndiyo babu anayojivunia. Hiyo ni ya Ijumaa jioni na mbogi. Hakuna la kufafanua.

Onyo moja: jina lao ni noma kutafuta mtandaoni. Ukiandika BEGIN pekee utaletewa kila kitu duniani isipokuwa hawa wasee. Andika jina la ngoma kwanza, halafu la bendi. Na ukipata video za Uta no Hi, yaani Siku ya Nyimbo, usizipite. Ni tamasha waliloanzisha Okinawa 2001. Tarehe 23 Juni ndio Okinawa inakumbuka waliokufa vitani, na BEGIN walichagua 24, siku inayofuata, kama siku ambayo nyimbo zilirudi.

"Shimanchu nu Takara" hasa itafute ya laivu, si ya studio. Kuna mahali umati unaitikia kwa kelele za ngoma ya Eisa, na wazee na watoto wote wanajua ni saa ngapi ya kuingia.