UZI, SINDANO NA SANDUKU
Historia fupi ya vitambaa vya kufuma Handeni na Korogwe



Kikundi kinapotimiza miaka kumi, watu huuliza kwanza habari za fedha: hisa ngapi, mikopo mingapi, nani kajenga, nani kasomesha. Hayo yameachiwa taarifa ya Mweka Hazina. Mimi nimepewa kazi ya historia, nami nimeona nieleze habari za kitu tunachokiona kila siku bila kukitazama: kitambaa cha kufuma kilichotandikwa juu ya kochi, meza au redio. Akina mama wengi wa huku kwetu waliweka akiba ndani ya kitambaa hicho kabla hawajaliona sanduku lenye kufuli tatu.

UFUMAJI ULITOKA WAPI?

Bibi zetu walikuwa na kazi zao za mikono tangu zamani. Walisuka mikeka na vikapu, wakafinyanga vyungu. Sindano yenye ndoano, yaani kroshia, ilikuja baadaye kutoka Ulaya.

Huko Ulaya lesi ya zamani ilikuwa mali ya matajiri. Ilitengenezwa kwa sindano nyembamba au kwa vijiti vingi vilivyozungushiwa uzi, na kipande kidogo kiliweza kuchukua miezi. Kroshia iliiga lesi hiyo kwa gharama ndogo, maana ilitaka ndoano moja tu, uzi na vidole vyepesi. Njaa kubwa ilipoingia nchi ya Ireland mwaka 1845, baada ya viazi kuoza mashambani, watawa na akina mama wengine waliwafundisha wanawake na wasichana kufuma. Lesi yao iliuzwa nchi za nje, na familia nyingi zilipata chakula kwa kazi hiyo. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba kufuma ni mchezo wa wasio na kazi. Tangu zamani sindano hii imemsaidia mwanamke mwenye shida.

Afrika Mashariki ushonaji wa namna hii ulienezwa sana na shule za misheni. Kule Mbweni, Unguja, misheni ya UMCA ilikuwa na shule ya wasichana waliookolewa utumwani, ambayo Bibi Caroline Thackeray aliiongoza kuanzia mwaka 1877. Wasichana walifundishwa kusoma pamoja na kushona. Misheni hiyohiyo ilikuwa na kituo Magila, Muheza, na baadaye ikafungua kingine Korogwe.

Lakini kazi hii haikubaki misheni. Ilipita kwa shangazi, kwa wifi na kwa jirani, ikaingia nyumba za Waislamu na za Wakristo sawasawa. Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, na bidhaa za dukani zikaja nayo. Halafu mashamba ya mkonge yakaleta watu wa makabila mengi, wakiwemo waliotoka Kigoma, Songea na Msumbiji. Palipo na kambi ya mkonge pana mshahara, na palipo na mshahara kuna mtu wa kununua kitambaa.

KLABU, UWT NA NGUMBARU

Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni na wake wa maofisa walianzisha klabu za wanawake, na mwaka 1951 likaundwa Baraza la Wanawake wa Tanganyika. Mafunzo yalikuwa mapishi, usafi, malezi, kushona na kufuma. Baada ya Uhuru, mwaka 1962, iliundwa UWT chini ya Bibi Titi Mohamed, nayo ikaendeleza mafunzo ya kazi za mikono. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na akina mama wengi wakaingia darasa la ngumbaru.

Tunashukuru kwa yote hayo. Lakini tuseme kweli: mafunzo mengi yalimfundisha mama kupamba nyumba, si kupanga bei. Alijua kuhesabu vitundu vya ua la nanasi bila kukosea hata kimoja, lakini hakufundishwa kuhesabu jioni alizokaa akilifuma. Kasoro hiyo tunayo hata leo, nami nitairudia.

MIAKA YA UHABA

Waliokuwepo hawawezi kuisahau miaka iliyofuata vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Sukari, sabuni na khanga vilikuwa vya foleni. Uzi nao ulikuwa adimu. Bei ya mkonge nayo ilikuwa imeshashuka, kwa sababu dunia ilihamia kamba za plastiki. Tanzania iliyotoa zaidi ya tani 200,000 za mkonge mwaka 1964 ilibakiwa na sehemu ndogo tu ya kiasi hicho. Mshahara wa baba, kama ulikuwepo, haukutosha.

Hapo ndipo akina mama walipoonyesha akili. Sweta kuukuu lilifumuliwa, uzi ukafuliwa, ukanyooshwa na kufumwa upya. Sindano ikikosekana, spoku ya baiskeli ilichongwa ncha yake ikawa ndoano. Kitambaa kikiisha kilitiwa wanga wa muhogo, kikapigwa pasi ya mkaa, kikasimama kama kipya cha dukani.

KITAMBAA KILIKUWA BENKI

Shilingi ya mama ikikaa mkononi haikai. Atakuja mtoto anataka daftari, atakuja mgeni, na baba naye atauliza. Lakini shilingi hiyo ikigeuzwa kidonge cha uzi hakuna anayeiomba. Mama anafuma kidogo kidogo, jioni baada ya shamba, au barazani akizungumza na wenzake. Mwezi wa pili ana seti nzima kabatini. Ikifika harusi, mavuno au siku ya kufungua shule, seti inatoka na fedha inaingia. Ndiyo maana ya haba na haba hujaza kibaba.

Upatu nao ulifanya kazi hiyohiyo, kila mmoja anachanga na zamu inazunguka. Ubaya wa upatu ni kwamba aliyepokea mwanzo akitoroka, wa mwisho analia. Na kitambaa kina ubaya wake: soko likilala, akiba yako nayo imelala.

SANDUKU LINAINGIA

Mfumo wa hisa na sanduku ulianzia mbali. Mwaka 1991 shirika la CARE liliuanzisha na wanawake wa Niger, Afrika Magharibi. Baadaye ukafika Zanzibar na Tanzania Bara, ukaitwa VICOBA. Funguo tatu zinakaa kwa watu watatu, na fedha inahesabiwa mbele ya wote. Kisha ilikuja Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na vikundi vya namna hii vikatakiwa kusajiliwa.

Katika hiyo miaka kumi yetu, sanduku limetupa kile ambacho kitambaa hakikuweza kutupa, yaani fedha siku ile ile ya shida. Lakini limeleta na mtihani. Tangu biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, vitambaa vya mashine vimejaa sokoni, na bei yake ni ya chini. Mfumaji anakopa kununua uzi, marejesho yanaanza mara moja, na seti bado iko nusu. Basi anaiuza kwa bei ya kutupa ili asiaibike mbele ya wenzake.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme seti imekula vidonge 6 vya uzi, kila kimoja Sh 3,000. Hiyo ni Sh 18,000. Kazi imechukua jioni 20. Akiiuza Sh 40,000 atasema amepata faida ya Sh 22,000, nayo ni Sh 1,100 kwa kila jioni. Akiiuza Sh 25,000 kwa kubanwa na marejesho, jioni yake ni Sh 350. Jamani, hiyo ni faida au ni sadaka?

TUTOKE NA NINI?

Historia isiyotufunza ni hadithi tu. Napendekeza tuyajadili mambo matatu katika mkutano mkuu. Kwanza, marejesho ya mkopo wa uzi yaanze kazi inapomalizika, kama vile mkopo wa kilimo unavyopaswa kusubiri mavuno. Pili, tununue uzi kwa jumla na tupange bei moja, asiwepo wa kumshusha mwenzake. Tatu, kila mfumaji awe na daftari la vidonge na jioni, na binti zetu tuwafundishe sindano na daftari kwa pamoja.

Bibi zetu walifuma gizani kwa kibatari na hawakulipwa thamani yao. Sisi tunayo taa, tunalo sanduku, tunao na umoja. Kidole kimoja hakivunji chawa. Tukiitoza jioni ya mama bei yake ya haki, kijitabu cha miaka ishirini kitakuwa na mengi ya kusimulia.